Kitanda Namba Kumi na Tatu

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu wa ukoo, wafanyakazi wa shamba mliokuja na nguo zenu za kazini, majirani wa Masoko, na ninyi mliotembea kutoka Matwebe kwa miguu na manyunyu haya, Bwana asifiwe. Mimi naitwa Lutufyo Lazaro, ni mwalimu wa shule ya msingi, nimeachiana ziwa na marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia yake, ambayo niliiandika jana mchana, kisha baba mdogo Ambindwile, kwa nafasi yake ya mkubwa wa ukoo, akaipitia na kukata mistari tisa kwa kalamu nyekundu, akisema kwamba msibani hapasemwi maneno makali. Namheshimu baba mdogo, sijawahi kumjibu na sitaanza leo, ila nimeitazama karatasi hii nikaona kwamba wino mwekundu ukipita juu ya maneno, maneno yanasomeka vilevile, basi nitasoma kinachosomeka.

Dada yetu Atupakisye Lazaro Mwakatumbula alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1953, hapa hapa Masoko, katika nyumba ya zamani iliyokuwa pale ilipo mibuni sasa, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa marehemu mzee Lazaro na mama Tusekile, ambaye mnamwona ameketi hapa mbele, na ambaye tangu juzi hajala wala hajalia, anauliza tu kwa nini mtu aliyekuwa na dawa mkononi afe kwa kukosa dawa. Mama, nitajaribu kukujibu, ndiyo maana historia hii ni ndefu kidogo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1961 katika shule ya hapa Masoko, akamaliza elimu ya msingi mwaka 1967 akiwa wa kwanza kwa wasichana na wa tatu kwa wote, na miaka yote hiyo alikuwa akinibeba mgongoni kuvuka mto wakati wa masika, mimi nikiwa mzito na mvivu wa kutembea, jambo ambalo hakuacha kunikumbusha hata nilipoota mvi. Mwaka 1970 alichaguliwa kwenda chuo cha uuguzi na ukunga cha misheni, akasoma miaka mitatu, akahitimu tarehe 30 Novemba 1973. Huko chuoni walimfundisha neno moja ambalo nataka mlishike, kwa sababu tutalirudia, nalo ni kwamba kipimo ambacho hakijaandikwa hakijapimwa. Alilishika mno, maana alipokuwa akija likizo alitupanga mstari jikoni, akatupima joto mmoja mmoja, na kwa kuwa hakuwa na karatasi, akaandika ukutani kwa mkaa, jina, tarehe na kipimo, hata mbuzi aliyekuwa akikohoa aliandikwa, na marehemu baba akakataza ukuta ule usipakwe chokaa.

Tarehe 2 Januari 1974 aliajiriwa katika kituo cha afya cha shamba la chai ambalo familia imeniomba nisilitaje, nami nimetii, ingawa nusu ya watu mlio hapa mmezaliwa humo na nusu nyingine mmeugulia humo. Wakati ule shamba lilikuwa mali ya serikali, kituo kilikuwa na wodi moja ya vitanda kumi na viwili, wauguzi saba, mganga mmoja na gari la wagonjwa lenye dereva wake, na desturi ya wodi ilikuwa moja, kwamba muuguzi haondoki mpaka amkabidhi mwenzake kitanda kwa kitanda, hali ya mgonjwa, dawa aliyopewa na kipimo chake cha mwisho, na mwenzake aseme nimepokea, ndipo anayetoka avue saa yake ya kifuani na kwenda nyumbani. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na mitano, miezi mitano na siku sita, na katika muda wote huo hakuwahi kuondoka kabla ya kusikia neno hilo nimepokea.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Wilson, fundi mitambo wa kiwanda cha chai, wakajaliwa watoto watatu, Edward aliyezaliwa mwaka 1978, Doreen mwaka 1981 na Asukile mwaka 1985. Ilikuwa ndoa ya watu waliochekana, kwa sababu shemeji alikuwa akirudi ananuka grisi naye ananuka dawa ya kusafishia vidonda, na kila mmoja alidai harufu ya mwenzake ndiyo inayofukuza wageni.

Mwaka 1994 shamba liliuzwa. Redioni tuliambiwa kwamba uchumi umefunguliwa milango, na ni kweli milango ilifunguliwa, kwa maana watu wetu wengi walitolewa nje kwa milango hiyo hiyo. Shemeji Wilson alipunguzwa kazi tarehe 31 Machi 1995 pamoja na mafundi wenzake wote isipokuwa wawili, akapewa cheti cha utumishi mwema na blanketi. Wauguzi saba wakawa wanne, mganga akahamia mjini na nafasi yake ikachukuliwa na daktari wa kuja mara moja kwa mwezi, gari la wagonjwa likapakwa rangi upya likawa gari la ofisi, na mwaka 1996 wauguzi wanne wakawa wawili, yaani dada yangu na sista Imakulata. Vitanda havikupunguzwa. Vilibaki kumi na viwili, wagonjwa wakalala wawili wawili, na wachuma chai waliendelea kujifungua, kujikata na mapanga ya kupogolea na kuugua vichomi vya baridi kama siku zote, kwa sababu mwili wa mtu haukuwa umeambiwa kwamba kuna mwenye mali mpya.

Sasa mtu wa akili anaweza kuuliza, ikiwa wauguzi ni wawili na desturi ni kwamba huondoki mpaka mwenzako apokee, je, mwenzako akiwa na malaria inakuwaje. Inakuwa kwamba huondoki. Dada yangu aliwahi kuingia wodini Jumatatu akatoka Alhamisi, na mtoto wake Asukile akampelekea sare safi kwenye kikapu, wakabadilishana pale mlangoni, chafu kwa safi.

Nasi tuliokuwa nje tulifanya nini? Tulimwongezea. Nawaambia ukweli, na ninaanza na mimi mwenyewe, Jumapili baada ya ibada tulikuwa tukimpangia mstari pale chini ya ukuta wa kanisa, huyu presha, huyu kidonda, huyu mimba imekaa vibaya, wala hapakuwa na aliyemuuliza kama amelala. Mwaka jana, mwezi wa tano, mtu mmoja alimpiga kofi mbele ya wagonjwa kwa sababu aliambiwa dawa ya mtoto wake imekwisha na itabidi akanunue Tukuyu mjini, kana kwamba dada yangu ndiye aliyeuza dawa, na mtu huyo yupo hapa leo, ameleta mkungu wa ndizi, tumeupokea na tutaupika, lakini asidhani nimesahau. Dada aliosha uso, akarudi kumfunga mtoto yule yule kitambaa cha maji kichwani, na siku ile alipofika nyumbani alivunja sahani nne, moja baada ya nyingine, akazifagia mwenyewe na kumwambia shemeji zimeteleza.

Nimefika kwenye ugonjwa wake, na hapa ndipo kalamu ya baba mdogo ilipopita sana. Ofisi ya shamba imetuletea barua ya rambirambi, ina muhuri, imeandikwa vizuri kwa mashine, nayo inasema kwamba marehemu alikuwa mwenye afya njema na amefariki ghafla bila kuugua. Mimi ni mwalimu, nimezoea kusahihisha, naomba niisahihishe barua hiyo.

Mwezi Juni 1996 lilibandikwa tangazo kwenye ubao wa ofisi, kwamba katika zoezi lijalo la kupunguza watumishi, wenye afya isiyoridhisha wataangaliwa kwanza. Neno lililotumika ni wataangaliwa, si watatibiwa. Dada alilisoma, akarudi nyumbani ambako mumewe hana kazi, Edward yuko sekondari na Doreen anamfuata, na shule sasa ni za kuchangia na hospitali ni za kuchangia, akajua kwamba katika nyumba ile mtu mmoja tu haruhusiwi kuugua. Kichwa kilianza kumuuma mwishoni mwa mwaka huo, akawa anaona vinyota, miguu inavimba, usingizi haumpati hata siku ya kupumzika, anakaa kitandani macho wazi akisikiliza kama kuna anayeita sista, na shemeji alipomuuliza akamwambia ni moshi wa kiwandani. Sisi tulisema amekuwa mkali. Mke wangu alisema siku hizi wifi anaringa, hasalimii. Kumbe alikuwa hatuoni vizuri.

Lakini alijipima. Alikuwa muuguzi, angeachaje kujipima, na akishajipima angeachaje kuandika, ikiwa kipimo ambacho hakijaandikwa hakijapimwa? Kuandika jina lake hakuweza, kwa sababu kitabu cha ripoti ya wodi kila Ijumaa kinakaguliwa na afisa utawala, na jina lake lingetoka kwenye kitabu likaenda moja kwa moja kwenye orodha. Kwa hiyo Alhamisi, tarehe 6 Februari 1997, chini ya vitanda kumi na viwili vya wodi, dada yangu alipiga mstari mwembamba kwa rula akaandika hivi, na ninasoma kutoka kwenye kitabu chenyewe, hiki hapa, msiniulize nimekipataje: Kitanda namba 13, mwanamke, miaka 43, presha 170 kwa 105, anaumwa kichwa, ameshauriwa kupumzika.

Wodi ina vitanda kumi na viwili. Kila mtu hapa anajua, hata watoto.

Tangu siku ile kitanda namba 13 hakikukosa. Nasoma kidogo tu. Tarehe 19 Agosti 1997, 180 kwa 110, mgonjwa hakulala. Tarehe 3 Mei 1998, hii ni wiki ile ya kofi, 200 kwa 115, mgonjwa analia bila sababu, ameombwa anyamaze kwa ajili ya wengine. Tarehe 11 Novemba 1998, dawa ya presha haipo stoo, mgonjwa amenunua ya wiki moja, ya wiki ya pili ameshindwa. Tarehe 20 Februari 1999, mgonjwa ameshauriwa kulazwa, amekataa, anasema hakuna wa kumpokea zamu. Mnasikia wenyewe, anajishauri, anajikatalia, na anaandika yote mawili kwa mwandiko ule ule mzuri wa misheni.

Na kila Ijumaa, chini ya ukurasa, kuna neno Imekaguliwa na sahihi yenye mkia mrefu. Nimezihesabu sahihi hizo, ni mia moja ishirini na mbili. Daktari wa kuja kila mwezi naye ametia zake. Mara mia moja ishirini na mbili mtu mwenye macho na mshahara amepitisha mkono juu ya kitanda kisichokuwepo, na hata siku moja hakusimama akahesabu vitanda, akauliza, jamani, huyu wa kumi na tatu amelala wapi? Angeuliza mara moja tu. Swali hilo lingemkosesha dada yangu kazi, ndiyo, lakini leo tungekuwa na mtu asiye na kazi, anayelima ndizi na mumewe, anayemsema mke wangu, na si hili sanduku.

Nimesikia tangu juzi minong'ono huko jikoni kwamba dada amerogwa na wale waliopunguzwa kwa kuwa yeye alibaki. Wanaotafuta mchawi wasihangaike kwenda mbali, waje niwaonyeshe sahihi.

Na kabla sijamaliza kuwalaumu wengine, mwezi Desemba mwaka jana mwanangu alilazwa kitanda namba nne kwa kichomi, nami nikakaa naye siku tatu, na asubuhi ya siku ya pili nikamwona dada amejifunga mpira wa mashine ya presha mkononi mwake mwenyewe, anausoma, uso umemshuka. Nilimuuliza anafanya nini. Akaniambia, "Naijaribu mashine, mwalimu, isije ikawadanganya wagonjwa." Akafungua kitabu, akaandika mbele yangu, kalamu ikagusa karatasi nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nami, msomi wa familia, ninayewachapa watoto kwa kutosoma swali vizuri, niliamini, nikamuuliza kama chai ipo.

Jumanne, tarehe 8 Juni 1999, saa moja asubuhi, aliandika kwa mara ya mwisho, 230 kwa 130, na mbele yake hakuandika ushauri wowote. Saa nne, wakati akinawa mikono baada ya kumzalisha mchuma chai mmoja mtoto wa kike mzima, alianguka pale kwenye beseni. Sista Imakulata, aliyekuwa ametoka zamu, aliitwa akaja mbio na kanga moja, akatafuta pa kumlaza, vitanda vyote kumi na viwili vimejaa, kila kimoja watu wawili, hivyo akatandika godoro chini, mahali pekee palipokuwa na nafasi, baada ya kitanda cha kumi na mbili, kati yake na ukuta. Gari lililokuwa la wagonjwa lilikuwa limempeleka afisa Mbeya kwenye semina. Wachuma chai walilimwaga jani lote la asubuhi kutoka kwenye tela la trekta bila kumwomba mtu ruhusa, wakampakia, wanawake wanane wakakaa kumzunguka wamemshika asitikiswe, na walipofika Ibighi, mji ukiwa unaonekana, alikata roho. Daktari wa mjini alituambia mshipa wa damu ulipasuka kichwani kwa presha ya muda mrefu. Muda mrefu, alisema, akatuuliza kama hakuwahi kupimwa.

Mama, hilo ndilo jibu. Alipimwa kila siku.

Kwa niaba ya familia natoa shukrani, nazo nazitoa kwa wanaostahili. Tunamshukuru daktari wa mjini, ambaye alitoka kutupokea mvuani na leo amekuja kuzika pamoja nasi. Tunawashukuru wanawake wanane wa tela, ambao nasikia wamekatwa siku ya kazi kwa ajili ya jani lililomwagwa, tunasema ndaga fijo, asanteni sana, na siku hiyo tutaishughulikia. Tunawashukuru majirani kwa kuni, ndizi na kulala nasi nje kwenye baridi hii. Ofisi ya shamba tunaishukuru kwa shada la maua, na afisa utawala, uliyeketi pale na barua ya kudai kitabu mfukoni, kitabu chako utakipata leo hii mbele ya watu, ila utakipokea kama wauguzi wanavyopokea, kitanda kwa kitanda, mpaka cha kumi na tatu, na useme kwa mdomo wako kwamba umepokea.

Namshukuru mwisho sista Imakulata, ambaye yupo hapa kwa ruhusa ya saa mbili tu, saa tisa anatakiwa wodini, na kuanzia leo wodi nzima ni yake peke yake. Juzi, mwili uliporudishwa, baada ya kumfunika dada, alifungua kitabu kufunga taarifa zake kama sheria inavyotaka, akaandika Kitanda namba 13, amefariki, na nilipofunua ukurasa uliofuata nikakuta mstari mwingine mwembamba uliopigwa kwa rula, wa jana, mwandiko mwingine: Kitanda namba 14, mwanamke, miaka 39, 165 kwa 100. Nisamehe, sista, umenikunjia uso najua, lakini nimekwisha kuzika mmoja kwa kunyamaza. Daktari, tafadhali, kabla hatujabeba jeneza, fungua mkoba wako, mpime huyu mama hapa mbele ya waombolezaji wote, na kwenye karatasi uandike jina lake, Imakulata, jina lote, tuone nani atamwangalia kwanza.

Dada Atupakisye, ripoti yako nimeisoma yote, sikuruka mstari. Zamu imekwisha. Vitanda kumi na vinne, tumepokea. Vua saa, dada, nenda ukapumzike kwa amani.